Nataka banda la kuku la kuingia nimesimama: nikosoeni kabla fundi hajamwaga zege

Pumba na Dagaa (Septemba)

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Kibaha. Nyuma ya nyumba nimebakiwa na nafasi kama hatua kumi na mbili kwa nane, kuna mwembe mmoja kwenye kona. Nafuga mwaka wa tatu sasa, kienyeji na chotara wamechanganyika, mayai ya nyumbani na trei mbili tatu za kuuza mtaani.

Banda la kwanza nilijenga mwenyewe kwa mirunda na mabanzi, kimo chake kiunoni kwangu. Nilijisifu kweli: bati tatu, siku mbili, kazi imeisha. Tatizo ni kwamba nilipima kuku, mtu sikumpima. Kulisafisha lazima uingie kwa magoti, shingo umeipinda kama unatafuta shilingi iliyodondoka uvunguni. Kwa hiyo tukawa hatusafishi. Maranda yakashikana kama mkeka, masika iliyopita vifaranga 9 wakaharisha damu na wote wakaisha ndani ya wiki.

Halafu mwezi wa saba kicheche akachimba chini ya ubao usiku. Asubuhi kuku 14 chini. Hakumla hata mmoja akammaliza. Wawili hawana vichwa, waliobaki wana vidonda vidogo shingoni tu. Wa mwisho kabisa mkono haukuwafikia, nikawavuta nje kwa reki. Nikiwa na ile reki mkononi ndipo nilipoapa kwamba banda lijalo nitaingia nimesimama.

Mpango ni huu. Futi 10 kwa 12, kuku wasizidi 40. Paa la mgongo mmoja, upande wa juu futi 8, wa chini futi 6 na nusu. Tofali kozi tatu kutoka chini, juu wavu. Nimekwama hapa: mlango uangalie wapi, wavu gani, sakafu iwe zege au udongo, na viota viwe vya kuokotea mayai ndani au vya kufungulia nje?

Mchoro ninao kwenye daftari la mtoto. Fundi anakuja Jumamosi ijayo.

Kobe Mpole

Nimekaa pale nyuma kabisa nasubiri wajuzi.

Ila mkuu, kicheche wa miguu miwili umemweka kwenye mchoro? Huku kwetu huyo ndiye bingwa. Anakuja na koleo, anakata wavu taratibu, anaondoka na kiroba. Asubuhi unamkuta jogoo peke yake anashangaa.

Fundi wa Mlandizi

Mkuu, kabla ya mlango tuanze na jua. Urefu wa banda, hizo futi 12, ulale mashariki kwenda magharibi. Kuta fupi ndizo ziangalie jua linakotoka na linakozama, na hizo uzibe mpaka juu kwa mabanzi au tofali. Hapo jua la saa mbili na la saa kumi haliingii ndani, la mchana linaishia kwenye bati. Nimeshaona watu wamegeuza banda, kuku saa kumi wamejibana kwenye kona moja kufuata kivuli, midomo wazi.

Pande ndefu zibaki wazi kwa wavu, moja kaskazini moja kusini. Pwani hii tuna bahati: kaskazi ikivuma inaingia huku inatoka kule, kusi ikianza inageuka. Hakuna haja ya feni.

Upande wa chini wa paa uelekeze kusini, mvua ya masika huwa inasukumwa na upepo wa huko. Bati litokeze futi 3 nje ya ukuta upande huo, kaskazini futi 2 zinatosha. Mbao za paa ziwe za dawa. Mirunda ipake oili chafu kule chini inakoingia ardhini, mchwa wa Kibaha nawafahamu.

Na sakafu ni zege. Inchi 3, mchanganyiko wa kawaida, uinue futi 1 kutoka usawa wa kiwanja. Hilo silibishani.

Bibi Muheza

Mimi nabishana.

Wanangu, nimefuga kuku kabla hamjazaliwa na sijawahi kuwamwagia zege. Kuku anataka vumbi, anataka kuparua. Ukimweka juu ya saruji unampa kucha ndefu na nyayo zenye vidonda. Udongo mkavu, jivu juu yake, anaoga mwenyewe, utitiri unatoka.

Ambalo hamjalisema ni magome. Hiyo mirunda mnayoisifia, menyeni gome lote. Chini ya gome ndiko wanakolala papasi. Mchana huwaoni, usiku wanashuka kunyonya, kuku anakonda unadhani kakosa chakula. Nyufa zote ziba. Banda la zamani usilivunje ukachukua mbao zake kujengea jipya, utakuwa umehamisha wenyeji wote.

Pumba na Dagaa

Shikamoo bibi. Umeniwahi, nilikuwa nimeshapanga mabanzi ya zamani pembeni kwa ajili ya viota! Nayachoma kuni leo.

Fundi, asante. Kwenye daftari nilikuwa nimelilaza kaskazini-kusini ili liendane na ukuta wa jirani. Nageuza.

Bibi Muheza

Marahaba. Usipikie chapati kwenye hizo kuni, zina kinyesi.

Kilifi Yetu

Ndugu yangu, salamu kutoka Kilifi. Sisi huku tumeonja shida hiyo hiyo.

Mnyama aliyechimba huenda ni kicheche, lakini pwani nzima kila kiuacho kuku usiku huitwa kicheche. Kuna nguchiro, huyu ni wa mchana hasa. Kuna kanu, huyu hupanda kama paka na atapita juu, si chini. Kuna fungo. Kwa hivyo ukijenga kwa kumfikiria mchimbaji peke yake, mpandaji atakuja kukucheka.

Wavu wa kuku ule wa matundu ya pembe sita ni wa kumzuia kuku asitoke. Haumzuii adui kuingia. Mnyama mwenye njaa huurarua kwa meno, nyoka hupita, panya hupita. Tafuta wavu uliochomelewa, matundu nusu inchi. Ni ghali, lakini hununui tena. Uufunge kwa vipande vya mbao juu yake na misumari. Msumari uliokunjwa pekee huachia. Na ile nafasi ya mawimbi ya bati kati ya ukuta na paa, izibe. Ndiyo hodi ya kanu.

Kuhusu sakafu, namuunga mkono bibi. Badala ya zege laza wavu chini kwa nje kuzunguka banda, upana wa futi moja na nusu hadi mbili, ufukie kidogo kwa mchanga. Mnyama huchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akigusa wavu hana akili ya kurudi nyuma futi mbili aanzie huko.

Fundi wa Mlandizi

Kilifi, hiyo sketi ya wavu naijua na inafanya kazi. Lakini panya? Panya anaanzia shimo kwa jirani anatokea katikati ya banda. Na Kibaha ni mchanga mtupu, akichimba leo kesho ni handaki.

Daktari wa Mbuzi

Niingilie kidogo, mimi ni mtaalamu wa mifugo ingawa jina langu linasema vingine.

Zege na udongo vyote vinafaa, kinachoua ni unyevu. Wale vifaranga 9 waliondoka kwa koksidiosisi, ndiyo huko kuharisha damu. Vimelea vyake vinatoka na kinyesi, na vikipata maranda yenye majimaji na joto vinakomaa kwa siku moja au mbili, kifaranga anaviokota. Ukiweka zege, mwaga maranda ya kutosha juu yake, sentimita 10 hadi 15, na hayo ndiyo bibi anayoyataka: kuku ataparua na wala hatagusa saruji. Mtengee boksi la mchanga na majivu la kuogea. Ukiweka udongo, inua sakafu na uishindilie.

Maranda yawe ya randa. Yale mavumbi ya msumeno vifaranga wanayala na yanawaingia kifuani. Uliza pia yametoka mbao gani. Ya mbao zilizotiwa dawa usiyaingize bandani kabisa.

Nafasi: mita 3 kwa 3.6 ni karibu mita 11 za mraba. Kuku 40 humo ni chini ya wanne kwa mita, vizuri. Usishawishike ukaweka 70 kwa sababu "wanaenea". Watadonoana.

Kulala: kila kuku sentimita 20 hadi 25 za mti. Fito tatu za futi 10 zinawatosha wote 40. Ziweke usawa mmoja. Ukizipanga kama ngazi, kila jioni ni vita ya kugombea ya juu. Kimo kisizidi futi 2 na nusu. Chotara ni wazito, akiruka kutoka juu kila asubuhi anaumia unyayo, unavimba usaha.

Viota sentimita 30 kila upande, kimoja kwa kuku wanne au watano, na viwe CHINI kuliko fito. Kuku hutafuta sehemu ya juu kabisa pa kulala. Viota vikiwa juu, watalala humo na mayai yote yatakuwa na kinyesi.

Na kipimo cha hewa hakihitaji kifaa. Ingia asubuhi kabla hujafungua mlango vizuri, chuchumaa mpaka pua iwe usawa wa kichwa cha kuku, vuta pumzi. Macho yakiwasha, wao wamelala humo usiku mzima. Ukiwa umesimama husikii kitu. Hili ndilo kosa la mabanda marefu, mwenye nyumba anaona mambo shwari.

Kobe Mpole

Daktari kasema tuchuchumae. Mwenye uzi anajenga ili asichuchumae. Nisaidieni.

Pumba na Dagaa (Ijumaa, fundi anakuja kesho)

Wakuu, mambo yamebadilika na naona aibu kidogo kusimulia.

Jana usiku mke wangu aliusoma uzi huu wote kwenye simu yangu. Hakusema kitu. Asubuhi akaniita nje. Kachukua jivu la jikoni kwenye kopo, kachora banda zima chini kwenye mchanga: kuta, mlango, viota, fito. Kwa vipimo vya daftari langu, kamba ya kuanikia nguo ndiyo futi kamba. Kisha akanipa ufagio na toroli, akasema: "Haya, safisha."

Nikaanza kuigiza, watoto wa jirani wamejaa kwenye uzio. Nikaingia "mlangoni" na toroli, sipiti. Mlango niliupima futi 2, na ile toroli yenyewe ni zaidi ya futi 2. Nikaiacha nje. Nikafagia kutoka mwisho kuja mlangoni, mgongo ukagonga viota kwa sababu nimevichora nyuma ya mlango. Nikauliza sasa kinyesi nakibeba na nini? Akasema, "Ndivyo nilivyokuwa nauliza mimi miaka yote miwili."

Kisha akanikumbusha kwamba sakafu inainuliwa futi 1, na kwenye mchoro mimi na fundi tumeweka ngazi mbili. Toroli iliyojaa kinyesi ishuke ngazi mbili?

Nikamwambia lakini upande wa kusini paa liko chini, mtu akisimama chini ya mbao za paa atagonga. Mimi nina futi 6. Yeye ana futi 5 na inchi 2. Akanitazama. "Kwani wewe huwa unaingia mara ngapi?"

Basi. Mlango sasa ni futi 3, uko upande wa kaskazini karibu na kona ya mashariki. Ngazi zimefutwa, ni mteremko wa zege. Viota vimehamia ukuta wa mashariki, ghorofa mbili, vinne vinne, vyote chini ya usawa wa fito. Fito zimeenda mwisho, ukuta wa magharibi. Katikati pamebaki njia ya kugeuza toroli. Mayai yataokotwa kwa ndani. Nilitaka kile kimlango cha nje, lakini tukiwa tunaingia wima cha nini? Ni mahali pengine pa kuvuja, na pengine pa kufunga kufuli.

Swali moja limebaki: mlango ufungukie ndani au nje?

Fundi wa Mlandizi

Wa ndani. Ukiufungua kuku hawachomoki.

Daktari wa Mbuzi

Wa ndani utakwama kwenye maranda baada ya mwezi mmoja. Sentimita 15 za maranda si mchezo.

Mjenzi wa Jioni

Nje, ila weka ubao wa kizingiti. Mimi nina vipande viwili vya mbao nimevigongea kushoto na kulia kwenye fremu, vimeacha mfereji. Ubao wa futi moja kwenda juu unateremka humo kama pazia la duka. Siku za kawaida unauvuka, unazuia maranda na vifaranga. Siku ya toroli unauchomoa. Kazi ya dakika kumi kutengeneza.

Bibi Muheza

Mwanangu, huyo mkeo mpe heshima yake. Na mwambie bibi amesema mkungu mmoja wa ndizi ni wake, ampate tu mtu anayetoka Muheza.

Pumba na Dagaa (Novemba)

Mrejesho.

Banda limesimama. Mlioniuliza vifaa kule faragha, haya hapa. Bei sitaji kwa sababu ya jana si ya leo, ulizeni dukani kwenu.

Tofali za inchi 5 zilikwenda 112: kozi moja chini ya ardhi, tatu juu. Niliagiza 120, nane zilivunjika zikishushwa na dereva mwenye haraka zake. Saruji mifuko 9, minne kati yake sakafu peke yake, inayobaki msingi, kujengea, lipu ya ndani na mteremko wa toroli. Lipu ya ndani ni shauri la bibi, hakuna ufa wa papasi. Bati 14 za futi 8, geji 30. Mirunda minane, imemenywa yote, nilimenya mwenyewe kwa panga na viganja vikachubuka. Wavu wa nusu inchi rola moja ya futi 3 kwa mita 30, ukabaki. Kile kilichobaki Kilifi nimekulazia chini upande wa mwembe ingawa tayari kuna zege. Sijui kwa nini, moyo tu.

Kwa kicheche wa miguu miwili: wavu umepitiwa na nondo za mlalo kila futi moja, mlango una kufuli kwa komeo la kupita ndani ya fremu, na banda liko chini ya dirisha letu la chumbani. Harufu? Subirini.

Aliyependekeza kanga kwenye ule uzi mwingine, ubarikiwe. Nimeleta wanne, wanalala juu ya mwembe. Juzi saa nane usiku walipiga kelele mtaa mzima ukaamka. Alikuwa paka. Mjumbe kanipigia simu.

Chakula sikiweki tena kwenye gunia sakafuni. Kuku 40 wanakula karibu kilo 5 kwa siku, gunia la kilo 50 linakaa siku kumi, na siku kumi hizo zinatosha kabisa kwa panya na ukungu. Kipo kwenye pipa lenye mfuniko, juu ya tofali mbili. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haina mchezo na kuku, pumba ikishanuka uvundo hata iwe ya bure usiwape.

Kobe Mpole

Futi 3 za mlango, mteremko wa zege, fito usawa mmoja. Mimi chumba nilichopanga hakina vyote hivyo.

Pumba na Dagaa (Desemba)

Nimekuja kushtaki fundi na mvua.

Vuli ya mwaka huu imekuja na upepo wa kaskazini. Si ndiyo kaskazi imeanza? Sisi tulijipanga kwa masika, bati futi 3 kusini, kaskazini futi 2, na kaskazini ndiko paa liko juu. Usiku wa Jumanne mvua ilipiga ndani kama mtu anarusha kwa ndoo. Asubuhi theluthi ya maranda imelowa. Tuliyatoa yote siku hiyo hiyo, toroli sita. Hapo niseme ukweli, kazi ilichukua dakika arobaini. Kwenye lile banda la zamani ingekuwa siku nzima, maana yake isingefanyika.

Fundi wa Mlandizi

Mkuu, nimekubali kosa. Masika ilinijaa kichwani nikaisahau vuli. Usiongeze bati, upepo utalinyanyua. Weka pazia.

Daktari wa Mbuzi

Pazia ndiyo dawa, lakini msilifanye kama la sebuleni. Lifunge kwa CHINI, juu ya kozi ya mwisho ya tofali, lipandishwe kwa kamba kwenda juu. Mvua ikija unalivuta hadi robo tatu, ile robo ya juu inabaki wazi, hewa mbaya inatoka. Ukilining'iniza kutoka juu utafunga pale panapotokea joto na amonia, na utaacha wazi pale panapowapiga kuku baridi. Viroba vya sukari au vya unga vilivyoshonwa pamoja vinafaa sana, turubai nzito haihitajiki.

Na kwa kuwa sasa unaingia wima, chanjo ya ugonjwa wa mdondo (kideri) huna kisingizio. Ile ya tone la jicho, I-2, inatengenezwa hapo hapo kwenu Kibaha. Kila miezi mitatu, tone moja jicho moja. Nenda usiku wakiwa kwenye fito, tochi hafifu, mmoja anashika mwingine anadondosha, unaanzia kushoto unamalizia kulia. Hakuna kukimbizana. Inavumilia joto kuliko nyingine lakini usizunguke nayo mfukoni siku nzima.

Pumba na Dagaa

Pazia tayari, viroba 18, kashona fundi cherehani wa jirani kwa malipo ya mayai.

Chanjo tulipiga jana, kuku 38 kwa dakika ishirini na tano. Mwaka jana nilichanja 20 kwa nusu siku na nikaanguka.

Ila kuna jambo: kama kumi hivi wanalala kwenye viota. Viota viko chini, kama ulivyosema daktari.

Daktari wa Mbuzi

Fito zilifungwa lini?

Pumba na Dagaa

Zilichelewa wiki mbili. Fundi alikuwa msibani.

Daktari wa Mbuzi

Ndiyo hapo. Wamezoea. Jioni saa kumi na moja, mayai yakishaokotwa, ziba viota kwa gunia. Alfajiri fungua. Wiki moja au siku kumi wataelewa. Wale wabishi wabebe kwa mkono ukawaweke kwenye fito.

Pumba na Dagaa (Mei)

Wakuu, masika ndiyo hii inaelekea ukingoni, nilisema nitaleta mrejesho wa mwisho.

Kusini hakujaingia tone. Paa la futi 3 limefanya kazi, ingawa bati la pembeni liko usawa wa paji la uso wangu na nina kovu. Tatizo lilikuwa maji ya paa yenyewe, yalikuwa yanadondoka yanachimba mchanga karibu na msingi na kurukia wavu. Tumefunga mfereji wa bati, maji yanaingia kwenye pipa la lita 200. Kuku wanakunywa ya hapo na mchicha unamwagiliwa.

Kinyesi kinalundikwa nyuma ya mwembe na kufunikwa, miezi mitatu ndipo kinaenda kwenye mchicha. Mwanzo nilikimwaga kibichi, tuta zima likaungua.

Harufu chumbani: hakuna. Niliapa nitasema kweli. Mke wangu anaingia kila Jumamosi, anageuza maranda kwa uma wa bustani, penye ubichi anatoa. Kila mwezi toroli mbili tatu, na mapya kidogo juu. Kile kipimo cha daktari cha kuchuchumaa tunampa mtoto wa darasa la pili, yeye urefu wake unatosha.

Kuharisha damu: hakuna hata kifaranga mmoja masika hii. Mnyama wa usiku alikuja mara moja, tuliona alama za kuchimba upande wa mwembe, pale pale nilipolaza ule wavu wa moyo tu. Kilifi, nipo chini ya miguu yako.

Siafu ndio walitushinda usiku mmoja wa Aprili. Wavu hauwahusu wale. Kanga walitupigia kelele, tukatoka na majivu na mafuta ya taa, tukamwaga kuzunguka nje, kuku tukawatoa wote tukawafungia jikoni hadi asubuhi. Tulipoteza vifaranga watatu. Nyasi zote karibu na banda nimefyeka, na boksi la vifaranga sasa lina miguu minne ndani ya makopo ya oili.

Kilifi Yetu

Siafu hawana dawa nyingine ndugu yangu. Umefanya vyema kuwatoa kuku haraka, kuna jirani yangu aliamka akakuta manyoya tu.

Bibi Muheza

Na wale kuku wa kwenye viota, walihama?

Pumba na Dagaa

Walihama bibi, isipokuwa mmoja. Ni kishingo, mwekundu, mkubwa wa wote. Kiota hataki, fito hataki. Miezi miwili alikuwa analala kwenye mwembe na kanga. Mwezi huu kaingia mwenyewe bandani, kapita viota vyote vinane, kaenda kutaga kwenye toroli. Tuliiacha ndani Jumamosi moja kwa sababu ya mvua. Sasa ana mayai 11 na ameatamia, zimebaki siku tisa. Mke wangu kakataza isisogezwe hata inchi, na maranda yanatolewa kwa ndoo.

Kama kuna mtu maeneo ya Kwa Mathias ana toroli ya kuazimisha kwa siku tisa, aje faragha.

Mjenzi wa Jioni

Ninayo. Njoo Jumamosi, ila uje na trei.